Durrell na Majirani Walionyamaza

Kuna aina ya vitabu ambayo Waingereza hawachoki kuiandika. Mtu anakimbia mvua na ukungu wa kwao, anahamia kijijini kando ya Mediterania, ananunua nyumba bovu, anahangaika na mafundi wanaosema "kesho", anajifunza kunywa divai mchana, kisha anaandika kitabu. Gerald Brenan aliishi Yegen, Hispania, akatoa South from Granada mwaka 1957. Peter Mayle alihamia Ménerbes, kusini mwa Ufaransa, akatoa A Year in Provence mwaka 1989, kikauzwa ajabu. Ndani ya vitabu hivi wanakijiji mara nyingi ni wakarimu, wachekeshaji, na hawana haraka ya maisha.

Leo nataka tukiangalie kimoja tu: Bitter Lemons cha Lawrence Durrell, nacho cha 1957. Nimekichagua kwa sababu humu wanakijiji wanafika mahali wanaacha kuchekesha.

Durrell alifika Kupro (wengine husema Saiprasi) mwaka 1953, kisiwa kikiwa bado koloni la Mwingereza. Kigiriki alikijua, mfuko ulikuwa mwembamba. Kwa msaada wa dalali wa Kituruki, Sabri, alipata nyumba Bellapais, kijiji cha Wagiriki mlimani juu ya mji wa Kyrenia. Hapo pana magofu ya abasia ya kale, mkahawa, na mti uitwao Mti wa Uvivu. Ukizoea kukaa chini yake, kazi basi tena!

Ndugu msomaji, ile sura ya kununua nyumba isome mara mbili. Mwenye nyumba ni mke wa mshona viatu, amekuja na ukoo wake. Ufunguo uko mezani. Sabri anaiponda nyumba, mama anaitetea, na ufunguo unasukumwa huku na huku. Durrell hatuchoshi kwa kueleza nani ana tabia gani. Unawajua kwa jinsi wanavyovutana bei. Shuleni tulikariri "fani na maudhui" mpaka tukaota ndoto, lakini hakuna aliyetuonyesha kwamba ufunguo mmoja tu unaweza kubeba sura nzima.

Sasa pesa zikakata. Durrell akafundisha Kiingereza katika Pancyprian Gymnasium mjini Nicosia, shule ya Wagiriki ambayo wanafunzi wake walikuwa wamepamba moto wakidai Enosis, yaani kisiwa kiungane na Ugiriki. Mwaka 1954 akachukua kazi ya kusimamia habari katika serikali ya kikoloni. Tarehe 1 Aprili 1955 mabomu ya EOKA yakaanza kulia. Novemba gavana akatangaza hali ya hatari, kitu ambacho Kenya ilikuwa inakiishi tangu 1952. Machi 1956 Askofu Mkuu Makarios akahamishiwa Shelisheli, huku kwetu kwenye Bahari ya Hindi. Tarehe 10 Mei akanyongwa Michalakis Karaolis, kijana aliyekuwa karani wa serikali hiyo hiyo. Agosti, Durrell akaondoka.

Katika kurasa za mwisho anapanda tena kijijini. Mkahawa upo, mti upo, watu ni wale wale. Hawamtukani wala kumtupia jiwe. Wananyamaza tu.

Hapa ndipo ninapogombana naye. Durrell anausikia ukimya ule kama huzuni yake yeye, mtu aliyepoteza marafiki. Haulizi vya kutosha ukimya wenyewe unasema nini. Mwanzoni kabisa anatuambia kitabu chake si cha siasa. Jamani! Mtu anayelipwa mshahara ili aisemee serikali atatokaje nje ya siasa kwa kupanda mlima kwenda kunywa kahawa? Wale wazee walijua anakofanya kazi. Walimpenda, naamini hivyo, lakini hawakuwa na neno ambalo lingemfaa jirani yao bila kumsaliti mtoto wa mwenzao.

Wapo wenzangu wa kijiweni wanaosema kitabu cha namna hii tukitupe, ni cha mkoloni. Mimi nakataa. Jeshi la Uturuki liliitwaa kaskazini ya kisiwa mwaka 1974, na Wagiriki wa Bellapais wakalazimika kukihama kijiji chao. Kubishana bei kwao, mizaha yao na vikombe vyao vya kahawa vimehifadhiwa humu kwa mapenzi. Ukikitupa, unawatupa na wao.

Dawa ya kitabu ni kitabu. Rodis Roufos, Mgiriki aliyekuwa mwanadiplomasia huko huko Kupro, alitoa riwaya The Age of Bronze mwaka 1960. Kostas Montis, mshairi wa Kupro, alimjibu Durrell waziwazi kwa riwaya yake fupi ya Milango Iliyofungwa mwaka 1964. Hawakuomba kitabu cha mgeni kipigwe marufuku. Walikaa wakaandika.

Na sisi je? Usidhani ugonjwa huu ni wa Waingereza peke yao. Wengi wetu tunaoandika humu ni watoto wa mjini, na hadithi zetu za kijijini zimejaa babu mcheshi, bibi mwenye methali na mlevi wa kilabuni. Tunakwenda likizo wiki mbili, tunarudi na daftari. Hata mimi riwaya ninayoihangaikia ina babu wa namna hiyo, na tangu nisome Durrell nimekuwa nikimuuliza maswali: shamba lako nani analitaka? Mbona ukimwona mjukuu wa mjini unabadilisha mazungumzo?

Ushauri wangu kwa chipukizi wenzangu ni huu. Ibeni kwa Durrell ule ufunguo wa mezani. Lakini mkifika kwenye kimya cha watu, msikipite haraka mkidhani hadithi imekwisha. Vuteni kiti, mkae.