Kumvua Mtu Ugeni

Kupokea mgeni si kazi kubwa. Yeyote mwenye kuku bandani na mchele ndani anaweza kumpokea mtu kwa siku mbili na majirani wakamsifu. Ufundi unaanza pale mgeni anapofungua begi na kutundika nguo zake ukutani, maana hapo umeshajua kwamba haondoki kesho wala mwezi ujao. Nimekua nikiuona ufundi huo bila kuufikiria, mpaka shangazi yangu wa Bariadi alipoletewa binti wa Kijerumani akae kwake mwaka mzima, afundishe shule ya jirani kwa kujitolea.

Vijana wa aina yake si wachache nchini. Tangu 2008 serikali ya Ujerumani inagharimia mpango uitwao weltwärts, unaowapeleka vijana wa miaka 18 hadi 28 kujitolea katika shule, zahanati na vituo vya watoto kwenye nchi zinazoendelea, na Tanzania imewapokea wengi. Kabla ya hapo makanisa yalishazoea kubadilishana watu. Hapo Mwanza tu, urafiki wa mji na Würzburg ya Ujerumani ni wa tangu 1966, na madaktari, wauguzi na wanafunzi wamepishana miaka yote hiyo. Maandishi kuhusu safari hizi ni mengi, na karibu yote yanamhusu kijana anayesafiri: alichojifunza, alichokitoa, alivyobadilika. Mama aliyemlaza, akamlisha, akamwuguza homa ya kwanza, hutajwa kwenye mstari wa shukrani.

Binti alishukia Mwanza, akapanda basi la Magu hadi Lamadi, akakunja kulia kuifuata lami ya Bariadi. Wazungu wengi wanaofika Lamadi hawakunji. Wananyoosha kwenda lango la Ndabaka, waingie Serengeti, mbuga ambayo Wajerumani wanaijua tangu Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walipoipigia filamu, ile iliyopata tuzo ya Oscar baada ya Michael kufa kwenye ajali ya ndege mwaka 1959. Mtalii analipa, analala, anaondoka, na hakuna anayemdai chochote. Anayekunja kulia anaingia nyumbani kwa watu, na hapo hesabu ni nyingine.

Siku za mwanzo shangazi alimpa kila ambacho mtu wa Bariadi humpa mgeni wa heshima: kiti chenye mto, sahani ya udongo badala ya bati, kijiko, hotipoti ya peke yake, maji ya moto ya kuoga. Hayo kila nyumba inayafanya. Lililonifanya nimwangalie vizuri ni namna alivyoanza kuviondoa kimoja kimoja. Kijiko kilitangulia. Hakusema neno, jioni moja hakikuwepo mezani, na maji ya kunawa yakazunguka yakamfikia binti kama yalivyowafikia wengine. Akatazama huku na huku, akanawa, akamega. Tonge la kwanza lilimponyoka likatumbukia kwenye mlenda. Watoto wakaangua kicheko, shangazi akacheka, na yeye akacheka kuliko wote. Wiki iliyofuata hotipoti ikarudi kabatini, akawa anakula sahani moja na mabinti wa nyumba. Kisha akaja mzee kusalimia, kiti chenye mto akapewa yeye, na binti akasogezewa kigoda karibu na jiko, ambako ndiko maneno ya nyumba yanakosemwa.

Hakuna aliyemwambia kwamba ameacha kuwa mgeni. Ugeni ulimvuka wenyewe, kipande kwa kipande, na kila kilichoondolewa kiliacha nafasi ya kitu bora kuingia. Wapo wenyeji wasiothubutu kuondoa hata kijiko, na mgeni wao hula sebuleni peke yake mbele ya televisheni mwaka mzima, akarudi kwao na picha nyingi na rafiki hakuna. Wapo pia wanaoondoa vyote siku ya kwanza, kwa majivuno ya kutaka mzungu aishi kama sisi, na baada ya siku tatu wako naye hospitalini. Shangazi alijua kipi kisiondolewe. Maji ya kunywa ya binti yule yalichemshwa na kuchujwa mpaka siku anaondoka, na chandarua kilikaguliwa kila jioni. “Tumbo halijui ukarimu,” alisema.

Kulikuwa pia na suala la goti. Binti aliona wasichana wa pale wakipiga goti kila wanapomsalimia mkubwa, na asubuhi moja akajaribu mbele ya mzee mmoja, akayumba, akashika ukuta. Alipoinuka uso ulikuwa mwekundu. Shangazi alimchukua pembeni akamwambia, “Mwanangu, wewe shikamoo yako inatosha. Goti likija, lije lenyewe.” Sijaona mwenyeji mwingine aliyekataa kupewa heshima ambayo mgeni haijui bado. Wengi wetu tungeipiga picha.

Mtihani mkubwa ulikuwa kuku. Kuku alishakamatwa, alishachinjwa, wazee wawili walishaalikwa, na sufuria imetua mkekani ndipo binti anasema, kwa Kiswahili chake cha vitabuni, “Hapana asante, sili nyama.” Alisema vile watu wa kwao wanavyosema, moja kwa moja na kwa tabasamu, bila nia mbaya. Sisi tungesema tumeshiba, au tungelamba mchuzi na kumsukumia mtoto kipaja. Mzee mmoja akauliza kama ni Msabato. Siyo. Je, ni mgonjwa? Hapana, mzima kabisa. Binti akaanza kueleza habari za huruma kwa wanyama na hali ya hewa ya dunia, sababu ambazo zimewaachisha nyama vijana wengi wa Ujerumani. Lakini pale ni Usukumani, ambako ng'ombe ni mahari, ni akiba na ni jina la mtu, na maelezo yalizidi kuwatia wazee mashaka.

Shangazi akamkatiza kwa upole. “Kwao ni mwiko,” akasema.

Yakaisha. Kila ukoo una miiko yake, na hakuna mzee wa Kisukuma anayemdai mwenye mwiko maelezo. Wakaendelea na kuku wao kwa amani. Shangazi hakudanganya, maana kitu ambacho mtu hakili hata akikaribishwa kwa heshima zote, ukikiita mwiko hujakosea. Alichofanya ni kuchukua sababu ngeni na kuivika nguo inayojulikana pale mkekani, kwa maneno matatu, bila mtu kuaibika. Mimi ninayeishi kwa kuandika nisingelipata hilo neno pale pale.

Baada ya hapo jiko likajipanga upya bila kelele, na wala halikuhitaji chochote cha dukani. Simiyu, mkoa wa Bariadi, inalima choroko na dengu. Kuna nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, yanayoungwa kwa karanga. Kuna maziwa mgando na kuna viazi vitamu. Binti alinenepa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii husomwa kama onyo kwa mgeni asijisahau. Shangazi anaisoma kama deni la mwenyeji: siku ya tatu ikipita hujampa mtu kazi, wewe ndiye uliyemkosea, kwa sababu umemwacha akae kama pambo. Ila jembe lenyewe lazima lichaguliwe. Ukimpa la shambani kweli, viganja vitachubuka na kesho yake hatashika hata chaki. Alianza kwa kumpa ungo wa choroko achague mawe. Kazi ile haina lawama, inafanyika mmekaa, na inampa mtu asiye na Kiswahili kingi sababu ya kubaki kwenye mazungumzo bila kulazimika kuchangia.

Kisha vikaja viazi. Mvua zikiisha, Usukumani hukatwa michembe: viazi vitamu vinamenywa, vinakatwa vipande vibichi na kuanikwa juani hadi vikauke kabisa, viwe akiba ya miezi ya shida. Matobolwa ni ndugu yake, ila hayo huchemshwa kwanza. Binti alikata kwa uangalifu wa ajabu, kila kipande unene ule ule, na kila kimoja kinene mno. Shangazi hakumsahihisha kwa maneno. Aliketi kando yake akaanza kukata vyake, taratibu kuliko kawaida yake, hata macho ya binti yakafuata kisu. Kipande kinene huoza katikati kabla jua halijakifikia, chembamba sana hupeperuka na kuvunjika, na kipimo hakiko kwenye jicho bali kwenye kidole gumba kinachokipokea kisu upande wa pili. Hadi mchana viazi vya wote wawili vilikuwa vimechanganyika juu ya turubai na hakuna aliyeweza kuvitenga. Miezi baadaye michembe ile ilipopikwa kwa karanga, wageni wakiwepo, shangazi akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Hivi alikata binti yetu.” Hapo kazi yake ilikuwa imekamilika.

Mengine niyapitie haraka. Alichuma pamba siku moja, na pamba ndiyo mali ya mkoa huu; vikonyo vikavu vilimchoma vidole na hakuomba kurudi. Alilia usiku wa tarehe 24 Desemba, ambao kwao ndio Krismasi yenyewe, na huku wenyeji wamelala mapema wawahi kulima; shangazi aliamka akawasha taa, wakanywa chai. Kwa kuwa alifika na mvua, majirani walimwita Kabula.

Kulikuwa na ulinzi pia. Mzungu akikaa mtaani, maombi ya ada, ya simu na ya nauli humfuata kama nzi na maziwa. Shangazi alilifunga jambo hilo kwa kutangaza kwamba aliye kwake ni mtoto, na mtoto hana mfuko. Mwenye shida aje aseme na mwenye nyumba. Walikuja wachache, maana kwa mwenye nyumba lazima ueleze ukweli.

Siku moja mzee aliye jirani alimwuliza binti habari za Wajerumani wa zamani, wale wakoloni wa kiboko na hamsa ishirini. Baridi ikapita kwenye mkeka. Nilidhani shangazi atageuza mazungumzo, na hakugeuza. Alimwacha mzee aulize mpaka mwisho, akamwacha binti ajibu kwamba shuleni kwao alifundishwa machache sana kuhusu hilo na kwamba anaona aibu. Vita ya Majimaji, ya 1905 hadi 1907, ilianzia kusini kwenye mashamba ya pamba ya kulazimishwa, na rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea kuomba msamaha mwezi Novemba 2023 tu. Binti wa miaka kumi na tisa hawezi kulibeba lote hilo, lakini pia haifai kujifanya halipo. Mzee akasema tu, “Huyu hajaja na bakora,” akaomba maji ya kunywa. Siku hizi kuna Ujerumani nyingine inayofahamika Simiyu: mpango wa kuleta maji ya Ziwa Victoria mkoani unagharimiwa kwa sehemu kubwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi pamoja na benki ya maendeleo ya nchi hiyo, KfW. Bado naamini ungo wa choroko ulifanya jambo ambalo bomba haliwezi.

Wenzetu Wajerumani nao wana ufundi wao. Tangu 2013 mpango wa weltwärts unawachukua pia vijana wa huku kwenda Ujerumani, na waliokwenda husimulia jinsi walivyolala na njaa siku za kwanza wakisubiri kukaribishwa, wakati mwenyeji alishawaonyesha jokofu na kuona kwamba amemaliza. Siku ya kwanza tu hukabidhiwa ufunguo wa nyumba. Kwetu ufunguo huo ungemtisha mgeni. Kwao ni namna ya kusema wewe si mgeni tena. Mwendo wao ni wa haraka kuliko wa shangazi, na kwa maoni yangu unamwachia mgeni kazi kubwa mno ya kujivua mwenyewe. Shangazi alichukua miezi, na binti hakusikia hata mara moja akivuliwa.

Wakati wa kuaga, walioandaa safari walimkabidhi binti cheti chenye mhuri, kinachoeleza kwamba ameishi na jamii na kujifunza utamaduni. Shangazi alikaa mstari wa nyuma kwenye picha ya pamoja. Fedha za chakula alizoahidiwa zilikuwa zikichelewa karibu kila mwezi, na hakuwahi kumwambia mgeni wake.

Basi ninyi mnaoleta vijana hawa, iwe kwa fedha za serikali au za kanisa: kabla hamjapanga ratiba na mwalimu mkuu, kaeni kwanza na mama atakayempokea. Mwulizeni anahitaji nini. Mlipeni kwa wakati. Na mkichapa vyeti, chapeni viwili.