Chapa ya Jani

Kuhesabu stomata, vile vitundu ambavyo jani hupumulia, hakuhitaji mashine ya mamilioni. Rangi ya kucha isiyo na rangi, selotepu, kipande cha kioo na hadubini ya shule vinatosha. Pale Mghange, kwenye mashamba ya ngazi ya Milima ya Taita, chagua jani la mharagwe, ligeuze, upake safu moja nyembamba upande wa chini huku ukikwepa mshipa mkuu. Kisha ngoja. Wenye haraka huharibia hapa, kwa maana rangi mbichi huvutika na kuchanika. Ikishakauka, bandika selotepu, ikandamize kwa kidole gumba, uibandue taratibu. Unachobandua ni chapa ya jani, na kwenye hadubini kila kitundu kinaonekana kati ya chembe mbili zilizopinda mfano wa punje za maharagwe yenyewe. Chukua jani la mahindi la shamba hilohilo uone tofauti: vitundu vyembamba vimejipanga kwa mistari iliyonyooka.

Kuhesabu ndiko kuna ufundi wenyewe. Jani moja lina vitundu vingi sehemu moja na vichache kwingine, na jani la juani halilingani na la kivulini. Tena jani likitanuka, vitundu vilevile huachana, ukadhani vimepungua. Mtaalamu wa mimea Mwingereza, E. J. Salisbury, alikata mzizi wa tatizo hilo mwaka 1927: hesabu pia chembe za ngozi ya jani, utafute stomata ni asilimia ngapi ya jumla. Ni kazi ya kuumiza macho, na ninaistahi kuliko michoro mingi ya rangi ya kompyuta.

Mtafiti F. I. Woodward naye alipima majani makavu ya hifadhi ya mimea ya Cambridge, akatangaza mwaka 1987 kwamba katika aina nane za miti, msongamano wa stomata ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 40 ndani ya miaka 200. Kabla ya viwanda, hewa ilikuwa na sehemu 280 hivi za kaboni dioksidi katika kila milioni. Leo zimepita 420. Kaboni ikiwa tele, mmea hauna haja ya kuacha milango wazi. Hata vitundu vilivyopo huvifumba kiasi: majaribio ya kupuliza gesi hiyo juu ya mimea shambani yameonyesha upitishaji wa mvuke ukishuka kwa wastani wa asilimia 22.

Mkulima wa mteremkoni angefurahia maji kubaki udongoni. Lakini mvuke unaotoka vitunduni mwa jani huondoka na joto. Ukipungua, joto lililokuwa likivukiza maji hubaki kupasha ardhi na hewa iliyo juu yake, hata kama gesi yenyewe isingeongeza joto lolote angani. Upande wa pili, kaboni hiyohiyo huongeza majani, na majani mengi hurudisha sehemu ya mvuke uliopotea. Ipi kati ya athari hizi mbili itashinda hutegemea mahali, mvua na aina ya mmea.

Taita kuna jambo lililokwenda mbio zaidi ya kaboni, nalo ni panga. Picha za angani zilizochambuliwa na Petri Pellikka wa Chuo Kikuu cha Helsinki na wenzake zilionyesha misitu ya asili ya milima hii ikipungua kwa nusu kati ya 1955 na 2004. Ukiweka mahindi mahali pa msitu, umebadilisha idadi ya majani, kina cha mizizi na vitundu vyenyewe kwa mkupuo mmoja.

Kwa hiyo anayetaka kuisikia sauti ya kaboni peke yake hapa atafute jani lililokaushwa, tuseme mwaka 1970, hewa ilipokuwa na sehemu 325 hivi. Pa kuanzia ni Hifadhi ya Mimea ya Afrika Mashariki, iliyoko Nairobi. Kisha arudi kwenye ukingo uleule, mwinuko uleule, atafute mti wa aina ileile na jani lililokaa juani vilevile. Halafu awashawishi watunzaji wamruhusu kupaka rangi ya kucha juu ya jani lao la miaka hamsini na zaidi.