Gally, Binti wa Vyuma Chakavu

Jamani, nimekutana na Gally! Nimemaliza sasa hivi juzuu ya kwanza ya Gunnm, katuni ya Kijapani, hapa ufukweni Ras Kisimani, na moyo bado unanienda mbio. Binti huyu anajua kupigana!

Yukito Kishiro alianza kuichapisha mwaka 1990 katika jarida la Business Jump, akiwa na miaka 23. Wengi wanamjua Gally kwa jina la Alita, alilopewa katika tafsiri ya Kiingereza na filamu ya 2019. Daisuke Ido, fundi na tabibu wa miili ya chuma, anamwokota jaani: kichwa na sehemu ya kifua tu, ubongo ungali hai, kumbukumbu zote zimefutika. Anamuunda upya, kisha anampa jina la paka wake aliyekufa. Paka! Filamu imempa jina la marehemu binti wa Ido, na kwangu hapo imempunguzia. Gally wa kitabuni hakuja kuziba pengo la mtoto wa mtu. Nafasi yake duniani anaitafuta kwa ngumi.

Na ngumi zenyewe sasa! Usiku mmoja anamfuatilia Ido kwa siri, hatari inazuka, na mwili unakumbuka kile ambacho akili imesahau: Panzer Kunst, sanaa ya mapigano ya sayari ya Mirihi. Kishiro ana wino mweusi na karatasi nyeupe tu, lakini teke unalisikia. Mguu umeshafika kabla hujauona ukiondoka. Halafu linakuja jitu Makaku, linamrarua mwili, naye hasalimu amri! Ido anampa mwili mwingine, Berserker, ulioundwa kwa vita, na hapo nikapiga kelele peke yangu ufukweni.

Labda mahali hapa pamenizidishia msisimko. Mji wa kale wa Kisimani, uliokuwa hapa, umeliwa na bahari. Maji yakipwa, vigae vya vyungu bado huonekana mchangani. Kile kichwa cha jaani ni kama kigae hicho: kipande kimoja kilichobeba ulimwengu mzima uliopotea.

Toleo la Kijapani husomwa kulia kwenda kushoto, kwa hiyo aliyesoma Kurani chuoni hatababaika. Mfululizo huu wa kwanza una juzuu 9. Anza na juzuu hii ya kwanza, tafadhali, na filamu uiache kwanza.