Paji la Uso na Ndoto ya Jirani

Maneno ya dharau huishi muda mrefu kuliko walioyatunga. Katika karne ya 19 walikuwapo Ulaya na Marekani watu walioheshimiwa kama wataalamu, ambao kazi yao ilikuwa kupima mafuvu ya wanadamu. Samuel George Morton wa Philadelphia alitoa kitabu kikubwa cha mafuvu mwaka 1839, na kwa vipimo vya namna hiyo mataifa yalipangwa ngazi kwa ngazi. Sisi Waafrika hatuna haja ya kuambiwa tuliwekwa ngazi gani. Msomaji aliyewahi kufika Kalenga na kuliona fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, anafahamu kwamba upimaji wa vichwa haukuwa mzaha.

Elimu hiyo ya uongo imekwisha kuzikwa, lakini msamiati wake haukuzikwa nao. Iliaminika kwamba mwenye paji la uso refu ana akili nyingi na mwenye paji fupi ana akili haba. Hata leo, katika Kiingereza, kitabu au picha inayopendwa na watu wa kawaida huweza kuitwa ya "paji fupi". Ndilo jina ambalo mchoraji Robert Williams alilichukua mwaka 1979, alipokuwa akitayarisha kitabu cha picha zake. Bwana huyu hakulelewa na majumba ya makumbusho. Alifanya kazi kwa Ed Roth, fundi aliyejulikana kwa magari ya kuchezewa na fulana zenye mazimwi, kisha akachora katika magazeti ya katuni ya vijana wakaidi wa miaka ya 1960. Alijua kwamba wakubwa wa sanaa hawatamfungulia mlango. Basi akaliokota tusi lao, akalivaa kama kofia.

Sanaa hiyo ilihitaji mahali pa kutundikwa. Mwaka 1986 mfanyabiashara Billy Shire alifungua nyumba ya sanaa mjini Los Angeles, akaiita La Luz de Jesus, ikiwa pamoja na duka lake la vitabu, vinyago vya kuchezea na vikorokoro vya kila namna. Niliingia humo miaka michache iliyopita nilipomtembelea binti yangu, ambaye wakati huo aliishi katika mji huo. Ili uzifikie picha, unapita kwanza katikati ya bidhaa. Wapo watakaoona hiyo ni aibu. Mimi niliona ni uungwana, kwa kuwa hakuna mlinzi anayekutazama viatu, wala ukimya wa kukutisha. Mama mwenye mtoto mgongoni na kijana mwenye michoro mwili mzima waliingia kama mtu aingiavyo sokoni.

Maonyesho yalikuwa ya pamoja: wachoraji wengi, kila mmoja na picha moja au mbili, nyingi ndogo kiasi cha kubebwa kwapani. Huu ndio mtindo unaozilisha nyumba za aina hii zisizo na ruzuku ya serikali wala ya tajiri. Mchoraji asiyejulikana hupata ukuta bila kubeba gharama ya ukumbi mzima, na mnunuzi wa kipato cha kawaida huweza kuondoka na kitu. Ni mtindo wenye nasaba. Mwaka 1925, mjini Paris, wasurealisti walifanya maonyesho yao ya kwanza ya pamoja katika nyumba ndogo ya sanaa ya Pierre Loeb, picha za Max Ernst na Joan Miró zikiwa karibu na za Picasso. Mwaka 1938 walirudi kwa kishindo. Marcel Duchamp alitundika magunia ya makaa yapatayo 1,200 kwenye dari, na wageni wakapewa kurunzi za kumulikia picha gizani. Wale walisadiki kwamba ndoto ni mali ya kila mtu, na kwamba akili iliyofungwa tai haiwezi kuifikia.

Je, warithi wao wanaifikia? Hapa ndipo mwalimu anapolazimika kuvaa miwani yake.

Nilizunguka chumba kile mara tatu. Mara ya kwanza nilishangaa. Mara ya pili nilianza kuhesabu. Wasichana wenye macho makubwa kama visahani, wenye huzuni isiyosemwa: wengi. Sungura waliovaa suti: kadhaa. Mafuvu yenye maua katika matundu ya macho: sikumaliza kuyahesabu. Mikono ya mafundi hawa ni hodari. Rangi imelala laini, nywele zimechorwa unywele mmoja mmoja. Lakini ugeni ukirudiwa mara ishirini katika chumba kimoja hugeuka sare. Mark Ryden, aliyechora jalada la albamu ya Michael Jackson ya mwaka 1991, alikuwa na sababu zake za kuchora watoto wa namna ile na vipande vya nyama. Wanaomfuata aghalabu wamechukua macho, wakaziacha sababu.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu nilikuwa nikiwaambia wanachuo kwamba insha thelathini zenye mwanzo mmoja hazioneshi kuwa darasa limeelewa, bali linaonesha kuwa kuna aliyeelewa na wengine wamekaa karibu naye. Picha nyingi za chumba kile zilikuwa zimekaa karibu na mtu. Ndoto haiazimwi. Ukiota ndoto ya jirani, hujaota. Umechungulia dirishani kwake.

Hata hivyo, picha moja ilinizuia. Ilikuwa na ukubwa wa daftari. Mwanamke mnene, mwenye aproni ya mkahawa, amesimama jikoni usiku, na kutoka kwenye friji iliyo wazi bahari inamwagika polepole hadi vifundoni. Hakushangaa. Amejifunga kitambaa kichwani, na mkononi ameshika dekio, kama mtu aliyezoea kuidekua bahari kila usiku baada ya kazi. Picha haikuwa na fuvu wala sungura. Binti yangu, aliyewahi kufanya kazi ya usiku, aliitazama kitambo kirefu, akasema, "Baba, huyu namjua." Mchoraji yule alikuwa ameota mwenyewe, na kwa sababu hiyo mtu mwingine akajiona ndani ya ndoto yake.

Kuna hatari nyingine isiyopasa kunyamaziwa. Aliyedharauliwa huweza kudhani kwamba kila pingamizi ni dharau. Mwaka 1987 kundi la Guns N' Roses lilitumia picha ya Williams katika jalada la albamu yake ya kwanza, picha inayoonesha mwanamke aliyekwisha kudhulumiwa. Wenye maduka walilalamika, na picha ikahamishiwa ndani. Wanawake waliochukizwa hawakuwa wakimpima mtu paji. Walikuwa wakiuliza swali la haki: mateso ya huyu yamechorwa kwa faida ya nani? Anayetaka kutazamwa sharti akubali pia kuulizwa.

Tangu wakati huo milango mingi imefunguka. Mwaka 1992 Williams alialikwa katika maonyesho makubwa ya jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la Los Angeles, na mwaka 1994 alishiriki kuanzisha gazeti la Juxtapoz, lililoieneza sanaa hii mbali. Siku hizi tusi la zamani ni chapa yenye soko, na chapa ndiyo inayozaa sare.

Basi, msomaji wangu, sisi ambao babu zetu walipimwa vichwa tuna sababu ya kukataa kuzipima picha kwa cheo cha wanaozipenda. Kukataa huko, hata hivyo, hakutupi ruhusa ya kugawa maksi za bure. Ukiingia katika maonyesho ya namna hii, usiulize kama ni sanaa ya juu au ya chini. Simama mbele ya kila picha, uiulize swali moja tu: hii ndoto, umeiota wewe? Katika chumba chenye picha mia, ukipata tatu zinazojibu ndiyo, nauli yako haikupotea.