Taarabu, Kidumbak na Darasa la Kizuka: Je, Wepesi ni Upungufu?

Utangulizi

Katika makala hii tunakusudia kujadili suala ambalo wapenzi wa muziki wamelibishania kwa miaka mingi. Kati ya sanaa iliyojaa ufundi na mapambo, na sanaa iliyopunguzwa hadi ikabaki na vitu vichache tu, ni ipi yenye hadhi zaidi? Tutaanza na mfano wa Uingereza na Marekani, ambako ugomvi huu ulipamba moto katika miaka ya 1970. Kisha tutaingia Unguja, kwenye taarabu na kidumbak. Mwisho tutafika kwetu ziwani, kwa walimu wanafunzi wanaokwenda kufundisha Kizuka na sehemu nyingine za Rumonge, kwa sababu huko ndiko jibu la swali hili linakomgusa mtoto moja kwa moja.

Msimamo wetu tunautaja mapema ili msomaji aupime tunavyoendelea. Wepesi wa utungo si upungufu. Hata hivyo, mtu hawezi kupunguza kitu ambacho hajawahi kupewa.

Roki ya progresivu na panki

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 baadhi ya makundi ya roki ya Uingereza yalitaka muziki wao ufikie kimo cha muziki wa kitaalamu wa Ulaya. Muziki huo uliitwa roki ya progresivu, yaani ya kusonga mbele. Kundi la Yes lilitoa albamu ya Close to the Edge mwaka 1972 ikiwa na nyimbo tatu tu, na wimbo uliobeba jina la albamu ulichukua zaidi ya dakika 18, upande mzima wa santuri. Wapigaji walikuwa mafundi kwelikweli, mapigo yalibadilikabadilika, na msikilizaji alitakiwa kutulia.

Mwaka 1976 kundi la Ramones la New York likatoa albamu yake ya kwanza. Ilikuwa na nyimbo 14, na zote kwa pamoja hazikufika dakika 30. Mwaka uliofuata Sex Pistols wa London wakatoa albamu yao. Huu ndio muziki wa panki, neno ambalo wengi wetu tulilifahamu kwanza kama jina la mtindo wa kunyoa nywele. Hoja yao ilikuwa rahisi: kijana asiye na pesa za ala wala miaka ya masomo ya muziki naye ana jambo la kusema, na alisemé leo. Mwimbaji wa Sex Pistols, Johnny Rotten, alivaa fulana ya kundi la Pink Floyd aliyoiongezea maneno ya kutangaza kwamba analichukia kundi hilo.

Kila upande ulikuwa na haki yake. Roki ya progresivu ilimfundisha msikilizaji subira, na jinsi wazo moja linavyoweza kukuzwa, kuachwa na kurejewa. Panki ilifungua mlango kwa waliokuwa nje. Kosa lililofanywa na mashabiki wa pande zote mbili ni kudhani kwamba upande mmoja lazima ufe ili mwingine uishi. Kundi la The Clash, lililoanza kwa panki tupu, lilipotoa London Calling mwaka 1979 lilikuwa tayari limeingiza rege, ska na mitindo mingine mingi. Waliokuwa wamepunguza walianza kuongeza.

Taarabu na kidumbak

Sisi tunao mfano wetu, na kwa maoni yetu unafundisha zaidi kuliko ule wa Waingereza.

Taarabu ya Unguja inahusishwa na jumba la Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 na aliyependa muziki wa Misri. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905. Okesta ya taarabu ikikamilika ina kanuni, udi, nai, akodiani, sello na safu ya fidla. Hufungua kwa bashrafu, ambayo haina maneno. Kisha huja beti zilizotungwa kwa vina na mizani, na kati ya ubeti na ubeti ala hupewa nafasi yao. Wasikilizaji huketi, na aliyeguswa na maneno huinuka taratibu kwenda kumtunza mwimbaji.

Kidumbak ina fidla moja, ngoma mbili ndogo, mkwasa, cherewa na sanduku. Sanduku ndilo besi yenyewe: sanduku la mbao, mti na kamba moja. Muziki huu ni wa harusini, na watu hucheza. Mwimbaji huchukua maneno ya nyimbo za taarabu zinazojulikana, akayakatakata, akayaunga na mengine, akaongeza ya papo kwa papo kulingana na waliopo mbele yake. Wako wanaoiita kidumbak taarabu ya maskini, na wako wanaoiona ni uhuni mtupu.

Jambo la kuzingatia ni hili. Wapigaji wa kidumbak mara nyingi ni walewale wa taarabu. Kundi la Kidumbak Kalcha, lililotoa albamu ya Ng'ambo mwaka 1997, lilikuwa la wanamuziki wa Culture Musical Club, klabu ya taarabu iliyoanzishwa mwaka 1958, akiwemo mwimbaji Makame Faki. Mtu aliyeketi na okesta amevaa suti ndiye huyohuyo anayetoa jasho harusini. Wepesi wa kidumbak, kwa hiyo, hautokani na kutojua. Ni uamuzi wa fundi anayejua kipi kiachwe ili watu wacheze.

Aidha, tusisahau kwamba taarabu yenyewe iliwahi kutazamwa kwa jicho hilohilo. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliimba kwa Kiswahili muziki uliokuwa wa Kiarabu, na alitoka katika ukoo wa kimaskini. Leo tunamsoma katika wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert na kumhesabu kuwa msingi wa taarabu. Kinachoitwa duni katika kizazi kimoja huweza kuwa kipimo cha ubora katika kizazi kingine.

Mfano wa kiisimu

Ili mjadala usibaki hewani, tumetunga ubeti mmoja wa kufundishia, wa mizani 8 kwa 8:

Mtumbwi wangu wa mbao, nimeupamba kwa rangi,
Walionicheka hao, leo waja, tena wengi,
Wataka safari yao, faranga hawana nyingi,
Aliyecheka mtumbwi, na avuke kwa miguu.

Sasa tuupeleke ubeti huu harusini, kwa namna ya kidumbak. Mwimbaji hatauimba wote. Atamwendea mtu mmoja na kumwambia:

Ulicheka mtumbwi?
Vuka kwa miguu!

Na kundi zima litaitikia: Vuka!

Mizani 64 zimekuwa 13. Tukitazama kisarufi, mabadiliko yafuatayo yametokea. Kwanza, nafsi ya tatu imekuwa nafsi ya pili. Pili, kishazi rejeshi (aliyecheka) kimekuwa swali lenye wakati uliopita (ulicheka). Tatu, dhamira tegemezi (na avuke) imekuwa amri (vuka). Kilichopatikana ni nguvu na ukaribu. Kilichopotea ni sababu: hatujui tena mtumbwi ulipambwa na nani, wala kwamba waliocheka wamerudi hawana nauli. Vilevile fumbo limepungua. Katika ubeti, mtumbwi unaweza kuwa mke, kazi, shule au lugha. Katika wito wa harusini, aliyetazamwa machoni anajua kwamba anasemwa yeye.

Mwanafunzi anayeweza kutoka kwenye ubeti hadi kwenye wito, na kutoka kwenye wito kurudi kwenye ubeti, anaimiliki lugha. Anayejua njia moja tu, iwe ni ipi, bado ana safari.

Mgogoro wa ushairi

Wasomaji wetu watakuwa wamekwisha kuona kwamba ugomvi huu una ndugu yake katika fasihi ya Kiswahili. Mwaka 1974, katikati ya miaka ileile ya Yes na Ramones, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, akitetea matumizi ya lugha ya mazungumzo ya kila siku katika ushairi. Wanamapokeo walikataa kuyaita mashairi. Mulokozi na Kahigi waliingia katika mjadala huo kwa Malenga wa Bara (1976) na Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979).

Kwa upande wa wanamapokeo, kitabu kilichokuwa kama katiba ni Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichotoka mwaka 1954. Mwandishi wake, Kaluta Amri Abedi, alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Tunaomba msomaji alitilie maanani jina hilo la mahali. Ujiji iko kwenye ufuko huuhuu wa Ziwa Tanganyika. Ukiondoka Rumonge, ukapita Nyanza-Lac na kuvuka mpaka, ukifuata ziwa utafika Ujiji. Mtu aliyezikusanya na kuzieleza kanuni za arudhi kwa kizazi chake ni mtoto wa ziwa hili.

Darasa la Kizuka

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo. Katika mazungumzo ya walimu kuhusu shule za ukanda wa ziwa, tumesikia hoja mbili zinazopingana, nazo zote zinamdhuru mwanafunzi.

Hoja ya kwanza inasema kwamba Kiswahili cha wavuvi wa ndagala na wauzaji wa mawese ni kibovu, na kwamba nyimbo wanazoimba watoto hawa ni kelele zisizostahili kuingia darasani. Wenye hoja hii husahihisha mpaka mtoto ananyamaza. Hawazingatii kwamba darasa la Rumonge lina watoto wa asili mbalimbali. Wapo ambao wazazi wao walikimbia mwaka 1972, wakaishi Ulyankulu, Katumba au Mishamo nchini Tanzania, na wakarejea kwa maelfu kuanzia 2008 wakiwa na Kiswahili cha shule za huko. Wapo wenye jamaa ng'ambo ya ziwa, nchini Kongo, na Kiswahili chao ni cha huko. Wapo waliokulia katika Kirundi na kukiokota Kiswahili sokoni. Kuziita sauti zote hizi kelele ni sawa na kuiita kidumbak uhuni bila kumsikiliza mwenye fidla.

Hoja ya pili ina sura ya huruma, na kwa sababu hiyo tunaiogopa zaidi. Inasema watoto wa ziwa wasisumbuliwe na vina na mizani. Arudhi ni mambo ya Mombasa na Lamu, wao wapewe nyimbo nyepesi za kupiga makofi. Wenye hoja hii hujiona wako upande wa panki, upande wa wanyonge. Lakini mpigaji wa kidumbak wa Unguja aliijua taarabu kabla ya kuipunguza, na Kezilahabi aliijua arudhi aliyoikataa. Mtoto wa Kizuka anayenyimwa arudhi hajaachiwa uhuru wa kuikataa. Amefungiwa mlango, na waliomfungia wanamwambia kwamba wamemfungulia. Nasi tumekwisha kuona kwamba kitabu cha arudhi kilitoka kwa jirani yake.

Kama ni lazima tuseme tunaegemea wapi, tunasema hivi. Kwa kuanzia somo, tunachagua kidumbak. Haidai umeme wala ala za bei kubwa, dawati ni ngoma, na mtoto anayeona haya kusema peke yake hupata ujasiri akiitikia na wenzake. Kwa kumalizia somo, tunachagua taarabu, kwa maana ya ubeti uliokamilika, wenye sababu na fumbo, ulioandikwa daftarini kwa mkono wa mtoto mwenyewe.

Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu kwa walimu wanafunzi watakaokwenda mazoezini. Kwanza, wakusanye misemo na nyimbo fupi wanazozijua wanafunzi wao, waziandike kama zilivyosemwa, bila kuzisahihisha siku hiyo. Pili, wachague wito mmoja na kuwaongoza wanafunzi kuukuza hadi uwe ubeti wa tarbia: nani amesema, kwa nani, kwa sababu gani. Tatu, siku nyingine wafanye kinyume chake, wauchukue ubeti na kuupunguza hadi uimbike, kisha wajadili na darasa ni nini kimepatikana na nini kimepotea.

Hatudai kwamba zoezi hili litamaliza ubishi juu ya sanaa iliyo bora. Tunachodai ni kwamba mwalimu asiumalize ubishi huo kwa niaba ya mtoto kabla mtoto hajasikia pande zote mbili. Watakaolijaribu tunawaomba watuletee beti za wanafunzi wao, pamoja na zile nyito fupi zilizotangulia, ili tuzijadili katika kurasa hizi.