Harusi Isiyo na Bwana Harusi

Harusi ya mjini kwetu huanza kama maandishi. Kabla ya gauni na keki kuna kundi la WhatsApp, orodha ya ahadi, kadi ya mchango yenye picha ya wachumba, na mwisho ratiba ya ukumbini. Ukizisoma karatasi hizi kama unavyosoma tamthilia, utaona zina muundo mkali kuliko tamthilia nyingi tunazofundishwa darasani. Maharusi wanaingia. Wazazi wa pande mbili wanatambulishwa. Keki inakatwa, maharusi wanalishana, wazazi wanalishwa. Shampeni inafunguliwa. Chakula. Zawadi, watu wakija mbele kwa kucheza. Neno la shukrani. MC anaijua kila hatua, na ukumbi mzima unaijua pia, ndiyo maana mtu anaweza kuchelewa saa mbili na bado akajua amekuta sehemu gani.

Dodoma imeifanya tamthilia hii kuwa kazi ya kila mwisho wa wiki. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia hapa, na tangu mji ulipopewa hadhi ya jiji mwezi Aprili 2018, watumishi wengi wamekuja wakiwa wameacha shangazi na wajomba Mwanza, Moshi na Mbeya. Kamati zetu zimejaa watu wa ofisi moja, wa kwaya moja, wa mtaa mmoja. Mwekahazina ni mhasibu wa idara. Mwenyekiti ni jirani wa Ilazo anayekufahamu kwa miezi minane. Kwa muda wa kamati, watu hawa ni ndugu. Wakishamaliza wanafanya sherehe ya kuvunja kamati, na wengine hubaki ndugu hata baada ya hapo.

Mwaka huu nimekuwa nikisoma aina nyingine ya maandishi ya harusi: masimulizi ya wanawake wawili wanaopanga harusi yao ya mjini, ndogo, isiyo na presha, yenye kila kitu kwa namna wanavyopenda wenyewe. Yanatoka nchi ambako ndoa hiyo ni halali: Afrika Kusini tangu 2006, England na Wales tangu 2014, Marekani nzima tangu 2015. Mtindo wake unazoeleka haraka. Asubuhi ofisi ya msajili wa ndoa, kisha kutembea kwa miguu hadi mgahawani, maua ya sokoni, keki aliyooka rafiki, magauni mawili au gauni moja na suti moja, wageni wakikaa popote wanapotaka. Niliyaanza kwa udadisi wa mtu anayetazama harusi ya mtaa wa pili. Nikajikuta nayasoma kwa kalamu mkononi, kwa sababu yanafanya jambo ambalo uhakiki wetu haujalifanya: yanaiuliza ratiba maswali.

Nani aingie kwanza? Nani asindikizwe na baba, na mwingine asindikizwe na nani? Jina la nani litangulie kwenye kadi? Upande upi ulipe nini? Katika ratiba yetu bwana harusi ndiye jibu la maswali haya yote, na kwa kuwa jibu lipo, hakuna anayeyasikia maswali. Mwondoe, na kila hatua inasimama kusubiri sababu. Wanawake hao wawili wanalazimika kuamua hata lile dogo, nani amlishe mwenzake keki kwanza, na katika kuamua wanagundua lipi lilikuwa na maana kwao na lipi lilikuwa mazoea tu. Hiyo ndiyo nguvu ya maandishi haya.

Yana udhaifu pia. Neno linalorudiwa ni kwamba walitaka kitu kidogo. Ukisoma masimulizi kumi mfululizo unaanza kulitilia shaka neno hilo. Wageni ni marafiki tu. Mama mmoja yupo, mwingine hatajwi. Kaka ametuma ujumbe. Udogo unaelezwa kama chaguo la ladha, kama rangi ya maua, wakati kwa baadhi yao unaweza kuwa idadi ya waliokubali kuja. Mwandishi anayesema kwamba hakutaka kelele za ukoo angetuambia pia kama ukoo ulialikwa. Utanzu huu unajua kushangilia uhuru, lakini una aibu ya kuhesabu viti vitupu.

Tukirudi kwetu, la kwanza la kushangaza ni kwamba sehemu kubwa ya harusi zetu haina mwanamume. Kitchen party ni ukumbi wa wanawake watupu: wanamfunda bibi harusi, wanamsifia umbo, wanamchezea, wanampa sufuria na mashuka. Pwani kuna unyago. Hapa Ugogoni ngoma ya muheme hupigwa na wanawake, ngoma zikiwa katikati ya mapaja, na ukiisikia huna haja ya kuuliza nani anaongoza. Fasihi yetu nayo ina rekodi hiyo. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo 1858, ni maneno ya mama kwa binti yake kuhusu namna ya kuwa mke. Kwa hiyo tunayo lugha ndefu na ya zamani ya wanawake kuandaana kwa ajili ya ndoa. Huyo wanayeandaliana hayupo chumbani, lakini kila sentensi inamtazama yeye.

Kiswahili chenyewe kina mkono katika jambo hili. Neno maharusi halibagui. Mchumba halibagui, wala mwenzi. Kinachobagua ni kitenzi. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa, na mtoto wa shule ya msingi akikosea hapo darasa zima linacheka. Kauli ya kutendana ipo, wanaoana, lakini hata hiyo masikioni mwetu humficha mmoja aliyeoa na mmoja aliyeolewa.

Ndiyo maana habari kuhusu nyumba ntobhu ya Wakurya wa Mara huandikwa kwa ladha ya kioja: mwanamke kaoa. Kitenzi kimepata kiima kisichokizoea. Utaratibu wenyewe ni wa zamani na unafahamika. Mwanamke mtu mzima, mara nyingi mjane au asiye na mtoto wa kiume, anatoa ng'ombe wa mahari na kumuoa mwanamke mdogo kwake. Huyu huzaa na mwanamume aliyechaguliwa, na watoto ni wa nyumba ya yule aliyetoa mahari. Ardhi na mifugo vinabaki nyumbani. Jamii nyingine za Kenya, wakiwemo Wanandi, zina utaratibu unaofanana na huu, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Kenya huko Mombasa iliutambua katika kesi ya mirathi. Kwetu Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitaja ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, kwa hiyo wake wa nyumba ntobhu wanaishi katika ndoa ambayo kijiji kinaijua na kitabu cha sheria hakiijui.

Ninapohakiki maandishi kuhusu nyumba ntobhu, naanza na sentensi moja ambayo haikosekani: kwamba wanawake hawa si wapenzi. Jarida la Marie Claire lilipoandika juu yao mwaka 2016, jambo hilo liliwekwa kwenye kichwa cha habari kabisa. Sina sababu ya kuipinga sentensi hiyo. Wengi wao husema hivyo wenyewe, na si kazi yangu kumvisha mtu hisia asizozitaja. Wala sitaki kuufanya utaratibu huu kuwa pepo: anayeolewa mara nyingi ni msichana maskini, ng'ombe wanakwenda kwa baba yake, na uamuzi wa nani azae naye huenda usiwe wake. Kinachonisumbua ni kwamba baada ya sentensi hiyo mwandishi huacha kuuliza. Tunaambiwa idadi ya ng'ombe. Hatuambiwi siku ile ilikuwaje. Nani alipika? Bibi harusi alipokelewa na nani mlangoni? Wanawake waliimba nini walipojua kwamba anayepokea mke ni mwenzao? Ni harusi iliyoandikwa kama hati ya mauziano.

Upande wa pili kuna kazi za sanaa, nazo zina kasoro iliyo kinyume. Filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu inawapa wasichana wawili wa Nairobi, Kena na Ziki, rangi zote ambazo ripoti zinawanyima akina mama wa Mara. Ilizinduliwa Cannes mwezi Mei 2018 ikiwa tayari imepigwa marufuku kwao, na mwezi Septemba mahakama ikairuhusu kwa siku saba tu. Ilitokana na hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko, "Jambula Tree", iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Nazipenda zote mbili. Lakini tazama msuko wake: wasichana wanapendana, jirani anaona, wanatenganishwa. Mapenzi yanapimwa kwa ukubwa wa adhabu yake. Katika kazi zote mbili wapenzi hawapewi nafasi ya kukaa na daftari na kupanga jambo la mwezi ujao. Ripoti za Mara zinatupa mpango bila mapenzi, na hadithi zetu zinatupa mapenzi bila mpango.

Waandishi hawakuliacha daftari kwa uvivu. Mwezi Novemba 2018, huko Pongwe, Unguja, polisi waliwakamata wanaume kumi baada ya kuambiwa kwamba kuna harusi ya jinsia moja. Amnesty International ilieleza kwamba walikutwa wamekaa wawiliwawili. Rudia kuisoma sentensi hiyo ukiwa na ukumbi wowote wa Dodoma kichwani. Kadi zetu zenyewe ni za singo na dabo. Wawiliwawili ndivyo watu wanavyokaa harusini. Pale Pongwe mpangilio wa viti uligeuka ushahidi. Katika nchi ambayo Kanuni ya Adhabu inafika kifungo cha maisha kwa kile inachokiita kinyume cha maumbile, orodha ya wageni ni karatasi hatari na kundi la WhatsApp ni hatari zaidi. Kwa hiyo hadithi zinaishia chumbani na kwenye giza, mahali pasipoacha maandishi.

Hapa ndipo yale masimulizi ya harusi isiyo na presha yanapokosa kutufaa, pamoja na uzuri wake. Yanadhani mzigo wa harusi ni watu: shangazi, michango, mikutano. Punguza watu, utapata furaha. Mtu aliyewahi kukaa kwenye kamati anajua kwamba mchango ni deni linalozunguka. Leo nakuchangia elfu hamsini, kesho unanichangia mimi, na katikati ya safari hizo mbili tumekuwa watu tunaojuana. Harusi ndiyo mahali ambapo deni hilo hulipwa hadharani.

Namfahamu mwanamke mmoja mwenye daftari la michango. Sitasema anafanya kazi gani wala wapi. Ameandika kila harusi aliyochangia tangu alipoajiriwa: jina, tarehe, kiasi, na kama alienda singo. Daima alienda singo, ingawa nyumbani si singo. Wenzake hutania kwamba siku yake ikifika hatatoa hata senti, ukumbi utajaa kwa madeni tu. Naye hucheka nao. Mwenzake aliponionyesha daftari hilo, kwa ruhusa yake, nilijumlisha kurasa mbili nikaacha. Ni fedha ambayo imetoka mshahara hadi mshahara kwenda kwenye nyumba za watu, na hairudi. Hakuna aliyemdhulumu, kila aliyepokea angemchangia kwa moyo mmoja angepata kadi yake. Kadi ndiyo haiwezi kuchapwa.

Nilimuuliza kama angependa harusi ndogo, ya watu sita, ya kimyakimya. Alijibu kwamba chakula cha jioni cha watu sita ameshakula mara nyingi. Anachotaka ni kamati: mwenyekiti anayepiga simu za usumbufu, mabishano ya pilau na wali mweupe, MC anayekosea jina la ukoo wake.

Jibu hilo lilinifanya nibadili swali ninalouliza maandishi yetu. Nilikuwa nikitafuta hadithi yenye ujasiri zaidi. Sasa natafuta yenye hesabu. Nataka mwandishi wa Kiswahili aandike wanawake wawili wanaogombana kuhusu bei ya ukumbi Nkuhungu, wanaokata majina kwenye orodha na kuyarudisha, wanaoulizana nani amwambie mama, na ambao kila jina wanaloandika linawagharimu hofu ya kweli. Harusi yenyewe si lazima ifike. Mikutano mitatu ya kamati inatosha, ilimradi tuone nani amekuja, ameahidi kiasi gani, na nani ameondoka kwenye kundi bila kuaga.