Usioneshwe Nyumba Saa Sita Mchana

Watunza nyumba za kukodi wa huku Ziwa Victoria wana saa yao. Ukipiga simu kutoka Nairobi kuulizia nyumba ya mapumziko, iwe Homa Bay mjini, Mbita, Kendu Bay au Sori kule Migori, utaambiwa uje uione saa sita mchana. Saa sita rangi inang'aa, upepo wa ziwani unachezea mapazia, na mbu na popo wote wamelala. Mimi huomba saa kumi na mbili na nusu jioni. Mtunza nyumba akisita hata kidogo, nimeshajua jambo moja kuhusu nyumba yake.

Somo hili nililipia. Miaka michache iliyopita nilikodi nyumba ya zamani iliyokarabatiwa ambayo hapo kale ilikuwa duka: baraza mbele, milango mizito ya mbao, kuta za mawe nene kama mkono. Niliiona mchana, nikaipenda, nikatuma pesa za siku nne kwa M-Pesa hapo hapo barazani. Jua lilipotua dari ikaanza kukwaruza. Kisha popo wakatoka kwa safu kupitia tundu la pembe ya paa, mmoja baada ya mwingine, nami nikiwa nje na kikombe cha chai nikihesabu mpaka nikachoka. Ile harufu kali niliyodhani ni ya rangi mpya ilikuwa ya mkojo wao. Dari ilikuwa mpya kabisa. Fundi alikuwa amepigilia mbao zake, akawaacha wenye nyumba huko juu.

Ukarabati umekuwa mwingi siku hizi. Mwaka 2025 Homa Bay iliandaa sherehe za Madaraka tarehe 1 Juni, na Agosti ikapokea Kongamano la Ugatuzi. Wageni walikuwa wengi kuliko vitanda vya hoteli, na mwenye nyumba yoyote yenye choo cha ndani akaona riziki imebisha hodi. Kuta ambazo hazikuwa zimeguswa tangu mwenyewe astaafu zikapakwa rangi kwa wiki moja. Zipo zilizotengenezwa vizuri. Zipo pia zilizovalishwa tu kama mtoto wa siku ya Krismasi, shati jipya juu, kaptula ile ile chini.

Ufaransa, ambako kukodi nyumba ya shamba iliyofufuliwa karibu na mji wa soko ni desturi ya likizo, kuna shirika liitwalo Gîtes de France tangu 1955. Nyumba hupewa masuke ya ngano, moja hadi matano, kama hoteli inavyopewa nyota. Mgeni huhesabu masuke akalipa. Sisi hatuna masuke. Kuna nyota za mtandaoni, lakini nimeona watu wakitoa nyota tano kwa ajili ya machweo, kana kwamba mwenye nyumba ndiye anayelizamisha jua. Huku utategemea jicho lako, na jicho hufunzwa.

Langu lilifunzwa Thimlich Ohinga, kama kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. Maboma yale ya mawe yalijengwa takriban karne ya 16, na mwaka 2018 UNESCO ikayaingiza katika Urithi wa Dunia. Hakuna saruji wala tope kati ya jiwe na jiwe. Ukuta una kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, na ukitafuta mahali unapoweza kuuona kwa ubavu utaelewa siri yake: safu ya mawe nje, safu nyingine ndani, na katikati vijiwe vidogo vilivyoshindiliwa vikizibana safu zote mbili. Pale ukuta ulipotaka kulala, wamejenga mhimili wa mawe wa kuuegemeza. Lakini kilichonishika zaidi ni viraka. Watu waliohamia pale kizazi baada ya kizazi waliurekebisha ukuta ule kila ulipolegea, na marekebisho mengine unayaona kwa macho: jiwe la umbo jingine, mpangilio wa mkono mwingine. Hakuna aliyejisumbua kuficha. Tangu siku ile, katika nyumba yoyote iliyokarabatiwa, natafuta kiraka kwanza. Nisipokiona hata kimoja, naanza kuwa na wasiwasi.

Basi anza na ukuta. Bonde la Lambwe na sehemu kubwa ya nyanda za ziwa zina udongo mweusi ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, na nyumba iliyo juu yake hupanda na kushuka nao. Ufa wake unajulikana: unatoka pembe ya dirisha ukienda kwa mshazari. Fundi mwaminifu huuchimba, huuunganisha kwa vyuma, kisha hupiga plasta upya, na alama ya plasta hiyo hubaki. Mwingine hujaza unga wa kuzibia na kupaka rangi juu. Pitisha ukucha kutoka kwenye pembe ya dirisha kuelekea chini. Ukucha ukizama, ufa bado upo, umelala tu.

Nyumba ya udongo iliyopigwa saruji ina kipimo kingine. Saruji haipendi kushikamana na udongo mtupu. Kwa hiyo fundi anayejua kazi hupigilia kwanza wavu wa kuku ukutani. Gonga kwa konzi ya kidole. Ukisikia sauti nzito, ya kushiba, endelea. Ukisikia ukavu kama kibuyu, plasta imeshaachana na ukuta na inangoja mvua za Aprili. Chunguza hasa dhiraa moja ya chini, pale matone ya paa yanaporukia. Nyumba isiyo na msingi wa mawe wala upenu mrefu huoza miguuni, na wenye nyumba wajanja hupaka sehemu hiyo rangi nyeusi wakaiita mapambo.

Paa sasa. Mabati bila dari ni tanuri mchana na ngoma usiku wa mvua, lakini mimi sikatai ngoma. Kuna usingizi fulani wa mvua ya mabati ambao hoteli haiwezi kuuza. Ninachokataa ni dari yenye ramani, yale madoa ya kahawia yenye kingo kama nchi zisizo na jina. Ramani moja iliyokauka ni historia. Ramani yenye kingo mbili au tatu, moja ndani ya nyingine, ni paa linalovuja kila msimu. Na kabla hujaingia ndani zunguka nyumba, utazame ardhi na ukuta chini ya pembe za paa. Vinyesi vidogo vyeusi kama punje za mchele? Nimeshakuhadithia.

Mwanya kati ya ukuta na paa ndio ninaoukagua kuliko kitu chochote, kwa sababu mbu wa malaria hupenda kuingilia hapo, juu, wakati wewe umehangaika na madirisha. Watu wa huku wanalijua jambo hili kwa vitendo. Kisiwani Rusinga, kati ya 2012 na 2015, watafiti wa icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, wenye kituo chao Mbita Point, pamoja na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi, waliwawekea wanakijiji mitego ya mbu yenye harufu ya binadamu, inayoendeshwa kwa sola. Familia zikapata na taa na mahali pa kuchaji simu. Mbu wa aina ya Anopheles funestus walipungua kwa karibu asilimia 70. Kwa hiyo mwenye nyumba akikwambia mbu ni mapenzi ya Mungu, mwambie Mungu alishapata wasaidizi pale Rusinga. Mwanya wa paa uzibwe kwa wavu, si kwa matambara wala magazeti. Wavu wa dirisha ubonyezwe pembeni kwa kidole: ukifunguka kama bahasha, ni wa kuonyesha tu. Neti ya kitandani ifike chini ya godoro. Wale wadudu wa ziwa wanaokuja kwa mawingu hawaumi mtu, lakini watajaa taa yako yote. Wavu wenye matundu madogo utawazuia, na mwenyeji anayezima taa ya barazani mapema anaijua kazi yake.

Jikoni na vyombo sivichukulii kwa uzito. Sufuria moja nzito ya ugali, kisu kinachokata, jiko la gesi na jiko la makaa la akiba stima ikipotea, yatosha. Anayekununulia vikombe sita vinavyofanana ilhali bomba linatoa maji ya rangi ya chai amekosea hesabu. Fungua bomba, uhesabu hadi thelathini, unuse. Uliza maji ya tangi yanatoka wapi: paani, kisimani au ziwani. Mwenye jibu la haraka ndiye anayepanda mwenyewe kulisafisha.

Nyumba ya ufukweni ina mambo yake, na bei yake kubwa haimaanishi kitu. Mei 2020 ziwa lilipanda likavuka rekodi ya 1964, likaingia mashambani na majumbani. Tafuta mstari wa maji kwenye ukuta wa nje au kwenye miti ya karibu. Nyumba iliyojengwa chini ya mstari huo ni mkopo kutoka kwa ziwa. Uliza pia banda la samaki liko umbali gani na upepo wa jioni unatokea upande upi. Omena zikianikwa, harufu haina adabu ya kubisha hodi. Aprili hadi Julai uvuvi wa omena husitishwa, na hapo nyumba ya karibu na banda huwa tulivu na nafuu. Mimi huipenda miezi hiyo licha ya mvua.

Lakini kipimo kikubwa cha nyumba ya ufukweni ni ulimi wa mwenyeji. Maji ya kando ya ziwa, hasa penye majani na konokono, yana kichocho, na viboko hupanda usiku kula nyasi. Mwenye nyumba anayekusifia kuogelea tu, muage kwa heshima. Anayekwambia, "Mama, pale kwenye matete usitie mguu, na usiku usishuke ziwani bila kijana wetu," mlipe anachotaka. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la Simbi Nyaima, na hadithi yake kila mtoto wa huku anaijua: kikongwe alifika kijijini usiku wa karamu, akafukuzwa, mwanamke mmoja tu akamkaribisha; mvua ikaja, kijiji kikazama. Ukienda siku hizi utakuta flamingo. Kwa wenyeji wanaojua kukaribisha, naona hadithi hiyo bado inafanya kazi.

Ukarabati bora niliowahi kuulalia ulikuwa wa simba. Simba huyu hangurumi. Ni ile nyumba ya kijana wa Kiluo ambaye hajaoa, ndani ya boma la baba yake, karibu na lango. Wana walishaondoka kwenda kuanza maboma yao, na mzee, mwalimu mstaafu, akaamua simba mmojawapo asiachiwe mchwa. Ni upande wa Rusinga. Zaidi ya hapo sitasema, maana vyumba ni viwili tu na ningependa kurudi.

Nguzo zilikuwa za siala, mti ambao mchwa hawaupendi sana. Hata hivyo miguu ya nguzo tatu ilikuwa imeoza kwa unyevu. Fundi hakuzing'oa. Alikata sehemu iliyooza, akachonga kipande kipya, akakiunga kwa mshazari mrefu kama shubiri mbili, akapitisha bolti mbili. Mbao ya zamani ni nyeusi kwa moshi wa miaka, mpya ni ya manjano, na kiungo unakiona kutoka mlangoni. Nilipitisha kidole juu yake: hakikukwaruza hata uzi wa shati. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu, na kwenye kona moja, chini ya dirisha, walikuwa wameacha jina la mwana wa mzee aliloliandika kwa kijiti saruji ikiwa mbichi. Mwanya wa paa ulikuwa na wavu uliobanwa kwa vipande vya mbao, si misumari mitupu. Dari haikuwepo. Ungetazama juu ungeona kila ufito uliofungwa na kila uliofungwa upya.

Nilifika jioni, kama kawaida yangu. Mzee alinisindikiza akiwa na kurunzi, hakuharakisha, aliniacha nigonge kila nguzo. Ziwani taa za wavuvi wa omena zilikuwa zimeanza kuwaka, moja, tano, kisha mji mzima juu ya maji. Nikafika nguzo ya nyuma ya mlango wa chumba cha pili, nikagonga, nikasikia ule ukavu wa kibuyu. Nikamtazama.

"Jaduong', hii imeliwa ndani."

"Najua," akasema, akaielekezea kurunzi ili nione vizuri. "Fundi anakuja Jumanne. Utalala chumba kile kingine."